Siku mbili za Muingereza: motokari-nyumba zinatuambia nini sisi watu wa mugodi



Kwenye telefone zetu kunapita kila mara video za Waingereza wenye kulala ndani ya motokari. Bwana, bibi, watoto wawili na imbwa, wote ndani ya motokari moja nyeupe, imesimama katikati ya majani mabichi, kondoo wanakula pembeni. Watu wanaangalia, kisha maneno yanakuwa yale yale. Mumoja anasema: hawa Wazungu wanaacha nyumba nzuri wanaenda kujibanza ndani ya kamioni, ni wazimu. Mwingine anasema: makuta yamewazidi. Wa tatu anasema kwa sauti ndogo: siku moja na mimi pia.

Mimi nasema wote watatu wanaangalia motokari, na motokari njo kitu kidogo zaidi ndani ya ile picha. Kitu kikubwa hakionekani. Ni siku mbili zenye hakuna sifle ya kazi, hakuna posti ya usiku, na mushahara haukatwi. Na watu wenye walipigania zile siku mbili hawakuwa watoto wa mufalme. Walikuwa watu wa kiwanda na watu wa mugodi, wenye mikono sawa na yetu. Kwa hiyo hii habari inatuhusu kuliko tunavyofikiri.

Wikendi yenyewe iko namna gani

Kwanza tuelezane ile motokari ni nini. Ni kamioneti yenye kujengewa nyumba kwa mugongo: kitanda, meza, jiko la gazi, frigo, tangi ya maji safi, tangi ya maji machafu, na choo kidogo chenye sanduku la kutoa na kwenda kumwaga. Ingine ni kubwa sawa basi, ingine ni kamioneti ya kawaida yenye mutu amejengea mwenyewe kitanda cha mbao. Nyingi zimejengwa ili uzito usipite kilo 3,500. Juu ya nini? Juu ya permi. Muingereza mwenye alipata permi ya kawaida kuanzia tarehe 1 Januari 1997 haruhusiwi kupita pale. Akitaka nzito zaidi, anafanya ekzameni ingine. Basi bibi akiongeza viti vya kukalia inje, na bwana akiongeza kinga mbili nyuma, wanaanza kupima kilo kama sisi kwenye bascule.

Kazi tano magaribi, nyuma ya kazi, familia inatoka Sheffield, Manchester ao Nottingham. Hawaendi mbali. Pengine saa moja tu ya barabara, na barabara za mwisho ni nyembamba, ukuta wa mawe huku na huku, motokari mbili zikikutana moja inarudi nyuma. Na hawasimami kila fasi wanapotaka. Wengi wetu tunadhani Ulaya mutu anasimamisha motokari popote, analala. Hapana. Uingereza kila kipande cha udongo kiko na mwenyewe, na kulala pale bila ruhusa yake ni makosa. Kwa hiyo wanaenda kwa mulimaji mwenye kufungua shamba lake. Kuko mashamba mengi madogo yenye kupokea motokari tano tu, si zaidi, chini ya uangalizi wa shirika kama Camping and Caravanning Club, yenye ilianza mwaka 1901, ao Caravan and Motorhome Club, yenye ilianza mwaka 1907. Pale utapata robine moja ya maji, fasi ya kumwaga choo, pengine umeme, na majani. Ni vile tu. Hakuna muziki mukubwa, hakuna hoteli.

Siku ya posho asubui mvua inanyesha. Inchi ya Waingereza mvua haiombi ruhusa. Wanachemsha chai, wanavaa viatu vizito, wanatembea kwa miguu kupitia mashamba ya watu, kwenye vijia vyenye sheria inalinda. Muchana wanakula kwenye kabare ya kijiji. Magaribi wanacheza karata na watoto, wanasikiliza mvua juu ya paa. Siku ya Mungu wanamwaga choo, wanafunga milango ya kabati ili sahani zisivunjike njiani, wanarudi. Kazi moja saa mbili asubui kila mutu yuko kwa kazi yake.

Ukiangalia vizuri, utaona ile safari inasimama juu ya vitu vitatu: siku, makuta, na njia. Motokari ni ya ine. Mutu mwenye hema na kinga anaweza kufanya safari ile ile. Lakini bila siku, bila mushahara wa siku ya mapumziko, bila njia ya kupita, hata mwenye motokari ya dhahabu atabaki kwa parseli yake. Tuone namna vile vitatu vilipatikana.

Siku

Sisi watu wa Katanga tuko na ushuhuda ndani ya kinywa chetu. Tunasema kazi moja, kazi mbili, kazi tatu, kazi ine, kazi tano. Siku tano zote zina jina la kazi. Ya sita ni siku ya posho, kwa sababu wakati wa kambi za kampuni ile njo ilikuwa siku ya kugawa chakula. Inabaki moja tu, tunamuachia Mungu. Mutu mwenye anataka kujua nani alihesabu siku za wababu wetu, asikilize tu majina yao.

Waingereza pia walitoka kwenye hesabu ya namna hii. Kwenye viwanda vya nguo, watu walifanya kazi siku sita, na siku ya posho ilikuwa sawa na zingine. Mwaka 1850 sheria ilisema wanamuke na vijana wa vile viwanda waachiliwe siku ya posho saa nane za muchana. Na kwa sababu mashini haziwezi kuzunguka bila wale wanamuke na vijana, wanaume pia walitoka. Angalieni ile akili ndani yake: sheria haikumwambia mutu mumoja mumoja apumzike akitaka. Ilisimamisha wote kwa saa moja. Bosi mwenye roho nzuri hakushindwa na bosi mwenye roho mbaya, kwa maana wote walifunga pamoja.

Kwa watu wa makaa ya mawe, vita vilikuwa virefu zaidi. Nyuma ya vita ya kwanza ya dunia, Uingereza ilikuwa na wachimbaji wa makaa zaidi ya milioni moja. Mwaka 1908 walipata sheria ya masaa manane kwa siku. Mwaka 1919 ikawa masaa saba. Halafu mwaka 1926 wenye migodi walitaka kupunguza mushahara na kuongeza saa. Wachimbaji walikataa, migodi ikafungwa, familia zikakaa miezi na miezi bila mushahara, na mwisho njaa iliwashinda. Walirudi chini ya udongo, na saa saba zikawa tena manane. Ni hivi: saa yenye ilikwisha kupatikana inaweza kunyanganywa. Mpaka serikali ilipochukua migodi yote tarehe 1 Januari 1947, na mwezi wa tano wa mwaka ule ule, wachimbaji wakapata juma la siku tano. Pale njo wikendi ya muchimbaji Muingereza ilianza kweli. Mwaka 1947, si zamani ya Nuhu. Kuko wazee wenye bado wanaishi waliokuwa watoto wakati ule, wakaona baba yao kwa mara ya kwanza anaamka siku ya posho bila kuchukua taa.

Makuta

Siku ya bure bila makuta ni siku ya kukaa kwa mulango na kuhesabu deni. Waingereza walijua hii. Mwaka 1938 walifanya sheria ya konje yenye kulipwa. Mbele ya pale, wafanyakazi wengi wa mikono walikuwa na konje ya njaa: kiwanda kinafungwa juma moja, mushahara pia unafungwa. Leo sheria yao inampa mufanyakazi majuma 5.6 ya konje yenye kulipwa kwa mwaka, ni kusema siku 28 kwa mutu mwenye kufanya kazi siku tano kwa juma, na bosi anaweza kuhesabu sikukuu za inchi ndani yake.

Lakini kuko kitu kingine chenye nataka tushike vizuri, kwa maana kinatoka ndani ya mugodi wenyewe. Mwaka 1920 sheria ya migodi ya Uingereza iliunda sanduku la hali njema ya wachimbaji. Kila tani ya makaa yenye ilitoka, mwenye mugodi alitoa peni moja ndani ya ile sanduku. Peni moja ni kitu kidogo. Lakini tani zilikuwa mamilioni na mamilioni. Kwa ile makuta walijenga bafu pale juu ya mugodi, ili muchimbaji asirudi nyumbani na vumbi yote na mama asipike maji usiku kucha. Walijenga viwanja vya mupira, nyumba za kusomea na kukutana, nyumba za kupona kwa wenye kuumia.

Na mwaka 1939 wachimbaji wa Derbyshire walifungua kambi yao wenyewe ya mapumziko kule Skegness, pembeni ya bahari. Muchimbaji alikwenda pale na bibi na watoto, juma nzima, anaona maji yenye hayana mwisho. Watu wenye walizaliwa chini ya moshi walikaa kwenye muchanga. Mwaka ule ule vita ya pili ilianza, lakini njia ilikwisha kufunguka. Mutoto mwenye alikwenda Skegness na baba yake, njo yeye nyuma yake alinunua karavani ndogo ya kuvuta, na mutoto wake yeye njo anaendesha ile motokari nyeupe tunaona kwenye telefone. Desturi ya kutoka inajengwa vizazi kwa vizazi, na kwa familia nyingi za kazi ilianzia kwenye konje ya kwanza yenye kulipwa.

Njia

Sasa tuje kwa udongo, na hapa habari inakuwa moto.

Katikati ya Manchester na Sheffield kuko milima, na mulima mumoja unaitwa Kinder Scout. Kati ya vita mbili za dunia, vijana wa viwanda walipenda kutoka siku ya Mungu kwenda kupanda kule, kupata hewa. Lakini mulima ulifungwa. Ulikuwa wa matajiri wakubwa, zaidi Duke wa Devonshire, na walinzi walikuwa pale ili ndege wa kuwinda wasisumbuliwe. Siku chache kwa mwaka matajiri walikuja kupiga bunduki. Siku zingine zote mulima ulikaa kimya, na vijana walikaa chini wakiuangalia.

Tarehe 24 Aprili 1932, vijana karibu 400 walikusanyika ndani ya karieri ya mawe ya zamani, fasi inaitwa Bowden Bridge, karibu na Hayfield. Mbele yao alikuwa Benny Rothman, kijana wa miaka 20. Walipanda. Walinzi na vijana wakasukumana kidogo. Polisi walikamata vijana, na watano walihukumiwa gereza, kati ya miezi miwili na miezi sita. Gereza, ndugu zangu, juu ya kutembea kwa miguu.

Lakini ile hukumu iliamusha inchi. Watu wenye mbele hawakujali milima waliuliza: kwa nini kijana wa kiwanda afungwe kwa kutafuta hewa? Mwaka 1949 sheria ya mapori ya taifa na njia za watu ilipita. Mwaka 1951 pori la kwanza la taifa likafunguliwa, Peak District, na ule mulima Kinder Scout uko ndani yake. Mwaka 2000 sheria ingine iliruhusu watu wote kutembea kwa miguu juu ya milima na udongo wazi wa namna ile, hata kama uko na mwenyewe. Na mwaka 2002, nyuma ya miaka 70, Duke wa Devonshire wa wakati ule alisimama mbele ya watu akaomba musamaha kwa matendo ya babu yake.

Familia yenye motokari-nyumba inayosimama leo kwenye shamba la Derbyshire inapita kwenye njia yenye vijana watano waliilipa kwa gereza. Wengi wao hawajui tena. Mutu akipata haki na mutoto wake akaizoea, mutoto anadhani ilikuwa pale siku zote.

Mulima wa shaba wa Ecton

Kuko fasi moja ndani ya ile Peak District yenye ningependa kila muchimbaji wa Kolwezi na Likasi aijue. Inaitwa Ecton, upande wa Staffordshire, juu ya muto Manifold. Leo ni mulima wa majani. Motokari-nyumba zinasimama kwenye mashamba ya karibu, watu wanashuka na kinga kwenye njia laini ya bonde. Kinga zile zinapita fasi yenye treni ndogo ilikuwa inapita zamani, kuanzia 1904 mpaka 1934. Walitoa chuma, wakaacha njia kwa watu.

Chini ya yale majani kuko mugodi wa shaba. Watu walichimba mukuba pale zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na vyombo vya mawe na mifupa. Wakati wa karne ya 18, mugodi ulikuwa mali ya wale wale, Duke wa Devonshire. Ulishuka mpaka mita 300 hivi chini ya muto. Wanaume chini, na juu wanamuke na watoto wanaponda mawe na kuyachagua kwa mukono. Mama mwenye kuosha mawe leo kwenye muto wa kwetu angejua ile kazi bila kuelezewa. Na faida ilikwenda wapi? Inasemwa, na ile nyumba bado inaonekana: katika muji wa Buxton, Duke alijenga jengo kubwa la kupinda sawa mwezi muchanga, kwa ajili ya matajiri wenye kuja kuoga maji moto. Shaba ya Ecton njo ilisaidia kulipa.

Mwisho wa karne ya 19 mugodi ulikufa. Leo mutu wa Manchester anakuja na motokari yake, anakula mukate juu ya lundo la mawe yenye wanamuke wale waliponda, anasema: oh, fasi nzuri. Ni kweli ni nzuri. Lakini ilichukua miaka mia kupona, na ilipona kwa sababu watu waliamua ile bonde iwe ya kila mutu.

Na shaba ya leo? Ile motokari nyeupe iko na waya za shaba kutoka mbele mpaka nyuma: taa, pompi ya maji, frigo. Betri nyingi mpya za motokari hizi hazina kobalti tena, tuseme ukweli. Lakini telefone yenye ile familia inatafutia shamba la kulala, ndani yake mara nyingi kuko kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka hapa chini ya miguu yetu. Kwa hiyo sisi tuko kwenye ile wikendi. Tuko pale kwa jasho, hatuko pale kwa mapumziko.

Hata kwao kuko kivuli

Sitaki musomaji afikiri naimba sifa za Uingereza. Motokari-nyumba mupya inauzwa makumi ya maelfu ya pauni, na siku nyingi za mwaka inakaa tu mbele ya nyumba, inalipiwa kodi na asiransi bila kutembea. Kupanga moja kwa wikendi ni mamia ya pauni. Mufanyakazi wa supermarke mwenye kulipwa kwa saa, mwenye hajui juma lijalo atafanya saa ngapi, haioni ile shamba.

Tena kuko neno lenye linauma. Kuko watu wenye kuishi ndani ya motokari na karavani siku zote: makabila ya wasafiri wenye desturi ya vizazi, na leo pia watu wenye wameshindwa kulipa nyumba, kama wale wa muji wa Bristol wenye kulala pembeni ya barabara. Mwaka 2022 sheria mupya ilisema mutu mwenye kukaa na motokari yake juu ya udongo wa wengine bila ruhusa, akisababisha hasara ao usumbufu na akakataa kutoka, anaweza kufanywa muhalifu na motokari kunyanganywa. Basi motokari ni ile ile. Mwenye kuja siku mbili kufurahi anaitwa mugeni, anauziwa mayai. Mwenye hana nyumba ingine anaitwa tatizo.

Na ya kwanza kabisa ilitengenezwa namna gani? Mwaka 1885, ule mwaka Léopold II alijitangaza mwenye Kongo, dokta Gordon Stables alijengewa kule Bristol gari la kufurahi la kuvutwa na farasi wawili, akaliita The Wanderer. Alitembea nalo Uingereza nzima mpaka Scotland. Alikuwa na mwendeshaji wa farasi, na boyi wake alitangulia mbele na kinga ya magurudumu matatu. Mapumziko ya dokta yalikuwa kazi ya wengine wawili. Kama hakuna mutu alipigania, mapumziko yangebaki vile mpaka leo: ya mumoja, juu ya mugongo wa wengine.

Na sisi je?

Sasa nasema maoni yangu bila kuzunguka. Hatuna haja ya kuomba motokari-nyumba. Barabara zetu zingeivunja kazi mbili asubui. Tunapashwa kuomba vile vitatu: siku, makuta, njia. Na sehemu ya vile tayari iko ndani ya sheria zetu.

Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema masaa 45 kwa juma, na inasema mapumziko ya kila juma ni ya lazima. Inasema konje yenye kulipwa ya mutu mukubwa inaanzia siku moja ya kazi kwa kila mwezi mwenye alifanya. Ni kidogo tukipima na siku 28 za Muingereza, lakini ni yetu. Ni wangapi kati yetu tunaichukua? Tunajua namna inavyokwenda kwenye makampuni ya sous-traitance: kontra ya miezi michache, inakatwa mbele konje haijafika, inaanza upya. Na mwenye kontra nzuri anauza konje yake ili kulipa masomo ya watoto. Simlaumu, masomo hayangojei. Lakini sendika zetu zikikaa kwenye meza na direksioni, neno la kwanza ni mushahara, la pili ni mushahara, la tatu ni mushahara. Saa na konje zinabaki mwisho ya karatasi, fasi ya kalamu kuisha wino. Wachimbaji wa 1926 walijua saa ni mushahara pia. Ukilipwa zaidi kidogo na ukafanya saa zaidi nyingi, umeshushwa.

Kwa ndugu creuseurs neno ni gumu zaidi, kwa maana hakuna bosi wa kuomba konje. Ukilala siku moja, mwingine anaingia ndani ya shimo lako. Hapa njo ile akili ya 1850 inatusaidia. Mutu mumoja hawezi kupumzika peke yake. Wote wanaweza kupumzika pamoja. Koperative ikikata shauri kwamba siku fulani hakuna mutu anashuka, hakuna mwenye anapoteza nafasi yake. Na mutu mwenye kulala vizuri anaona ufa kwenye ukuta wa shimo mbele haujaanguka.

Kwa makuta, Code minier yenye ilirekebishwa mwaka 2018 inaomba makampuni ya migodi kutoa si chini ya 0.3% ya makuta ya mauzo yao kwa maendeleo ya watu wa pale. Ni peni yetu moja kwa tani. Kwenye mikutano ya kuamua matumizi, watu wanaomba masomo, maji, hospitali, na ni haki. Lakini mama mumoja na asimame aseme pia: tunataka uwanja wenye miti, tunataka fasi ya watoto kucheza yenye haina vumbi ya kamioni, tunataka nyumba ya kukutana. Wachimbaji wa makaa hawakuona aibu kuomba kiwanja cha mupira pembeni ya bafu.

Na njia. Tuko na maporomoko ya Lofoi ndani ya pori la Kundelungu, maji yanaanguka zaidi ya mita 300 mara moja. Tuko na Kiubo, tuko na ziwa Nzilo pembeni ya Kolwezi. Watoto wetu wanajua Kinder Scout ya kwenye telefone kuliko Lofoi. Mahali pengine barabara imekufa, pengine ukuta wa konsesioni umefunga njia yenye wababu walipita kwenda kwenye muto. Kuuliza ile njia iko wapi, na nani aliifunga, na kwa karatasi gani, si fujo. Ni ulizo la raia.

Kwa hiyo mukiona tena ile video ya Muingereza na motokari yake nyeupe, musicheke na musione wivu. Mumuulize ndani ya roho yenu: nani alikupa siku ya posho? Kisha mugeuke kwa délégué wa sendika wenu mumuulize ulizo lile lile. Na kila mumoja aangalie karatasi yake ya mushahara ya mwezi huu: siku ngapi za konje zimebaki, na zinaisha lini. Kama hazikuandikwa pale, aanze hapo, kazi moja asubui.